Nyanya za Kando ya Mfongo

Mama yangu hakuwahi kumwomba mtu hela ya chumvi mpaka nilipofika kidato cha tatu, na aliyesababisha aanze kuomba ni mimi. Nalisema mapema kwa sababu nimechoka kuwasikia ndugu zangu wakisema kwamba ilikuwa ni bei ya kahawa. Bei ya kahawa iliwaangukia watu wote wa Machame, na si mama zao wote walioanza kuomba chumvi.

Nyumbani kwetu ni juu ya kanisa, mahali ambapo gari likithubutu kupanda wakati wa masika hurudi chini kinyumenyume. Kihamba chetu, shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, kilikuwa kama vya wenzetu: migomba, na chini ya migomba kahawa, ng'ombe wawili zizini nyuma ya jiko, na makaburi ya babu na bibi upande wa juu. Upande wa chini kilipitiwa na mfongo, yaani ule mfereji ambao wazee wa zamani walichimba kuleta maji kutoka mtoni, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya kuufungulia. Ng'ambo ya mfongo palikuwa na kipande cha ardhi chenye unyevu ambacho baba alisema hakifai kahawa. Hapo mama alipanda nyanya.

Kwetu mazao yalikuwa na wenyewe. Kahawa ilikuwa ya mwanamume. Ndiye aliyeipogoa, ndiye aliyeipeleka kupimwa ghalani, na ndiye aliyepokea malipo ya kwanza na kusubiri ya pili. Mwanamke aliichuma na kuianika tu. Ndizi, maziwa, maharage na mboga vilikuwa vya mwanamke, na alichokipata sokoni alikifunga kwenye pindo la kanga, mume asiulize. Hapakuwa na sheria iliyomkataza kuuliza, ila ilikuwa aibu. Mwanamume aliyemuuliza mkewe ameuza ndizi kwa shilingi ngapi alisemwa mwezi mzima na wanawake waliokwenda kuteka maji, na hata wanaume wenzake walianza kumkwepa. Baba yangu alikuwa mtu wa heshima zake. Miaka yote, mama aliporudi kutoka soko la Kwa Sadala na kapu tupu, baba alimuuliza jambo moja tu: kama mvua imenyesha huko chini.

Mama naye hakuwa na daftari. Thamani ya nyanya zake aliijua kwa vitu. Nyanya za mwaka alioolewa shangazi zilinunua sufuria tatu zinazoingiana, ambazo ninazo mpaka leo, ya kati imetoboka. Za mwaka wa masika makubwa hazikununua kitu kwa sababu ukungu uliziunguza zote shambani. Halafu zikaja zile zama za ruksa, vitu vikajaa madukani, mitumba ikamwagwa chini kwenye maturubai pale Kwa Sadala, na nyanya za mwaka huo zikatuvalisha wote, mimi na kaka zangu, hata baba akapata koti. Alilivaa kanisani bila kuuliza limetoka wapi.

Nilipoanza sekondari ya bweni, baba alinipa ada iliyotokana na kahawa. Haikutosha. Alimwambia mama, "Mpeleke, uwaambie iliyobaki nitaileta malipo ya pili yakitoka." Malipo ya pili yalichelewa, na yalipotoka yaliishia kwenye deni la dawa ya mibuni. Shule haikunirudisha nyumbani hata mara moja. Baba aliamini kwamba ile shule ina subira. Nyumbani kwetu ilisemwa, kama ilivyosemwa mlima mzima, kwamba watoto wanasomeshwa na kahawa. Baba akisema hivyo wakati wa kula, mama aliitikia kwa kichwa na kumwongezea mtori wa ndizi.

Shule yetu ilikuwa na mchepuo wa kilimo. Mwalimu wa somo hilo alikuwa kijana aliyetoka chuoni juzi tu, na alilipenda neno "thamani" kupita kiasi. Hakuona mgomba bila kutuuliza thamani yake. Tulipofunga kwenda likizo alitupa kazi: kila mmoja alinganishe mazao mawili ya nyumbani kwao kwa misimu mitatu, aandike mavuno, gharama na mapato, kisha aeleze thamani ya kila zao inavyobadilika. Nilikuwa msichana wa kujitia kujua, na kazi ile niliichukua kama nimetumwa na serikali.

Nilianza na baba. Alifurahi. Alishusha kopo la biskuti lililokuwa juu ya kabati, akatoa stakabadhi zake zote za kahawa, akaziweka mezani moja moja huku akizinyoosha kwa kiganja. Akanieleza madaraja ya kahawa, kwa nini mbuni unapogolewa, na jinsi babu alivyobeba miche ya kwanza kichwani. Hatujawahi kukaa pamoja muda mrefu namna ile, si kabla wala baada yake.

Kisha nikamwendea mama. Alikuwa kibarazani akichagua nyanya, zilizoiva sana upande huu za kuuza kesho, na zile za rangi ya chungwa upande wa pili za kungoja siku ya soko ijayo. Nilimwambia ninachotaka. Mikono yake ikasimama.

"Hiyo kazi ni ya nani?" aliuliza.

"Ya mwalimu."

"Na huyo mwalimu anakaa wapi?"

"Hukohuko shuleni, mama."

"Hafiki huku?"

"Hafiki."

Akaokota nyanya nyingine, akaifuta kwa pindo la kanga. "Basi andika," alisema.

Akanieleza yote. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, na nadhani alikuwa amengoja muda mrefu bila mwenyewe kujua kwamba anangoja. Alinitajia debe ngapi alibeba kila siku ya soko, na mwezi gani nyanya hupanda bei kwa sababu tambarare kumekauka na sisi wa juu tuna maji ya mfongo. Alinieleza kwa nini hanyunyizi dawa bali majivu, na kwa nini hufunga miche kwa maganda makavu ya mgomba badala ya kamba ya kununua. Alivitaja vile vitu vyake kimoja kimoja, sufuria, mitumba, sanduku langu la bati, na mimi nikavigeuza kuwa shilingi. Nilipodhani tumemaliza, akasema polepole, "Na ile ada ya kila muhula, ile iliyokuwa inapelea, iandike pia. Mwalimu ajue nyanya si mchezo." Alicheka kidogo aliposema hivyo. Nikaandika.

Jumapili baada ya ibada walikuja wageni wawili, baba mdogo na mzee mmoja wa kanisa, jirani yetu. Walikaa sebuleni wakisubiri chai na kiburu cha ndizi na maharage. Mazungumzo yalikuwa yaleyale ya mwaka ule, kahawa na bei yake, na sasa kulikuwa na wanunuzi wapya waliopita na magari yao, huyu anataja bei hii na yule ile. Baba alitaka kubadilisha mazungumzo. Akaniita.

"Mwanangu, lete ile kazi ya shule. Wasomee, wajue tunalipia nini."

Kazi ilikuwa kwa Kiingereza, na mimi niliitafsiri papo hapo kwa Kiswahili cha kujikweza. Nilisimama karibu na dirisha. Nikasoma mavuno ya kahawa ya misimu mitatu, na jinsi mapato yake yalivyoshuka msimu hadi msimu. Nikasoma nyanya, jinsi zilivyopanda, mpaka mwaka wa tatu kile kipande cha ng'ambo ya mfongo, ambacho hata mtoto akirusha jiwe linakivuka, kikaishinda kahawa yote ya kihamba. Hapo ningeweza kuishia. Baba alikuwa bado anatabasamu, akidhani ni mambo ya vitabuni. Lakini sehemu ya mwisho ndiyo niliyokuwa nimeiandika vizuri kuliko zote, ile ya matumizi ya mapato, na nilitaka waisikie. Nikasoma kwamba kahawa ililipa deni la dawa ya kahawa. Nikasoma kwamba nyanya zililipa ada, muhula wa pili, wa tatu, wa nne, na koti la baba. Nikamalizia: "Kwa hiyo zao linaloitunza familia hii ni nyanya."

Baba mdogo ndiye aliyecheka kwanza. "Kaka," alisema, "kumbe na wewe hapa ni mgeni wa shemeji."

Yule mzee wa kanisa aliangalia kikombe chake, ambacho kilikuwa bado kitupu. Baba naye akacheka, lakini alichelewa, na alipocheka hakumtazama mtu. Nilipogeuka nikamwona mama amesimama mlangoni na birika. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Akaingia, akammiminia mzee, akammiminia baba mdogo, akammiminia baba, na mimi akanimiminia kama wengine. Chai ilikuwa na maziwa mengi na tangawizi. Naikumbuka ladha yake mpaka leo.

Baba hakuwa amemuuliza mama kitu. Aibu ile hakuitenda yeye. Nilimjibu swali ambalo hakuwahi kuliuliza, mbele za watu, na wala sikuona nimekosea mpaka nilipoona uso wake ulivyomshuka. Mwalimu alinipa alama za juu kabisa na kuandika kwa wino mwekundu kwamba ni kazi nzuri sana.

Ningependa kusema kwamba baba alifoka, au alimpiga mama, maana hapo ningepata mtu wa kumchukia na mambo yangekuwa rahisi. Hakufanya hivyo. Kwa miezi kadhaa alikuwa akishuka jioni mpaka kwenye mfongo, mikono nyuma, akisimama upande wa huku na kuzitazama nyanya. Niliporudi likizo iliyofuata alitangaza jambo tukiwa tunakula.

"Mwaka huu nyanya nitazisimamia mimi," alisema. "Imekuwa kazi kubwa, si ya mama yenu peke yake."

"Sawa, baba," mama alimjibu. Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, kama sisi.

Kile kipande hakikumtosha. Aliamua kuung'oa mstari wote wa kahawa ulioanzia kwenye mfongo na kupanda mpaka makaburini. Zamani mtu aliyeng'oa kahawa angeitwa ofisi ya kijiji ajieleze, ila miaka ile hakuna aliyejali tena. Hakumwita kibarua wala kaka zangu. Alichimba kila shina pande zote, akakata mizizi kwa shoka, akalisukuma kwa bega mpaka likalala. Siku ya tatu alifika kwenye mbuni ulio karibu na makaburi ya wazazi wake, akasimama na jembe mkononi, akauacha. Mama alimpelekea maji kwenye kata. Akanywa, akamrudishia kata. Mimi nilikuwa nawatazama kutoka jikoni, na niliwaonea huruma wote wawili. Huruma hiyo ndiyo inayonisumbua, kwa sababu haina pa kukaa.

Msimu wa kwanza wa baba ulikuwa mzuri, lazima nikiri. Alinunua mbegu za kisasa za kwenye kopo, na dawa, na bomba la kubeba mgongoni. Lori lilipanda mpaka kanisani. Dalali alikuwa kijana wa kutoka Dar es Salaam, mwenye miwani ya jua, ambaye hakujua hata kumwamkia mtu mzima. "Mzee, mzigo umekaa poa," ndiyo salamu yake. Mama aliamka na zamu ya maji alfajiri kama kawaida, alipandikiza, alifunga miche, alichuma, alibeba. Mizigo ilipofika barabarani alirudi nyumbani, na baba akabaki kuzungumza na dalali. Jioni ile baba alileta kitenge kipya, akamkabidhi mama mbele yetu. Mama alishukuru vizuri, namna mtu anavyomshukuru mgeni.

Halafu ikaja ile siku ya chumvi. Ilikuwa mchana, baba anasikiliza redio aliyoinunua. Mama alitoka jikoni akasimama karibu na mlango, mikono ameikunja tumboni.

"Baba, chumvi imekwisha," alisema.

Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake. Ilikuwa sauti yangu mimi nilipokuwa naomba daftari. Baba aliingiza mkono mfukoni, akatoa hela nyingi kuliko za chumvi, akamuuliza, "Itatosha?" Hakuwa bahili, baba yangu. Mama alizipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akaenda dukani. Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia mpaka kwikwi zikanishika.

Kwetu mtu akimkosea mwenzake huchuma jani la sale, ile mimea tunayozungushia mipaka ya vihamba, akalifunga fundo na kumpelekea. Anayeletewa sale hawezi kukataa kusamehe. Kesho yake nililichuma. Nililifunga fundo, nikaenda nalo mpaka mlango wa jiko, mama akiwa ameinama anapuliza moto. Hapo nikagundua kwamba lazima niseme ni la nini. Tangu Jumapili ile hatukuwa tumelitaja jambo lile hata mara moja, na nilikuwa nimeanza kujidanganya kwamba labda na yeye anailaumu bei ya kahawa. Ningempa lile jani, ningeufunua uongo huo. Nikalificha nyuma ya mgongo, nikamuuliza kama anahitaji kuni. Alisema kuni zipo.

Yaliyofuata kila mtu wa huko anayajua. Waliomwona baba akifanikiwa nao waling'oa. Huko tambarare nako watu walichimba visima na kununua mashine za kuvuta maji, na ule mwezi ambao zamani nyanya zilikuwa zetu peke yetu ukawa wa kila mtu. Madalali walikuja na matenga yao wenyewe. Kila msimu tenga lilikuwa kubwa kuliko la msimu uliotangulia, halafu likaongezwa lumbesa juu, nyanya zimerundikwa na kushonewa nyasi na kamba ili zisimwagike. Bei ilitajwa kwa tenga, kwa hiyo ukisikiliza bei tu ungesema haijashuka. Baba alikuwa mtu wa kahawa, amezoea mizani. Mara moja alijaribu kubishana na dalali, akimwonyesha kwa mikono tenga la mwaka juzi lilivyokuwa. Yule kijana alimwambia, "Mzee, kama hutaki, acha, kuna wengine," na akaanza kupanda garini. Baba alimwita arudi.

Msimu wa mwisho lori halikupanda kabisa. Baba alikodi gari dogo, akashusha nyanya Kwa Sadala, na soko zima lilikuwa jekundu. Alikaa na mzigo wake tangu asubuhi, mwanamume pekee kwenye mstari wa akina mama wenye mafungu, hajui kuita wateja. Jioni alizimwaga mtaroni kwa sababu nauli ya kuzirudisha ingezidi. Mama ndiye aliyenisimulia, kwa sauti ya chini, na hakukuwa na hata chembe ya furaha kwenye usimulizi wake.

Baada ya hapo baba alimwambia mama, bila kumtazama, "Shamba lako lile lipo."

"Siku hizi linataka dawa kila wiki," mama alimjibu. "Majivu haliyasikii tena." Wakapanda migomba.

Mimi nilimaliza shule, nikasomea kilimo chuoni, nikaajiriwa kuwa bibi shamba. Nilipangiwa kata moja ya tambarare, nikapanga chumba hukohuko, Rau. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuandika. Kila msimu nilipita nyumba kwa nyumba na fomu: ekari ngapi, matenga mangapi, yameuzwa kwa bei gani. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika ukubwa wa tenga. Nilijaza, nikapeleka wilayani, wilaya ikapeleka mkoani, na baadaye mtu alisema redioni thamani ya nyanya za nchi nzima na jinsi inavyokua mwaka hadi mwaka. Nilikuwa nikisikia takwimu zile nacheka peke yangu chumbani, kicheko kisicho na raha.

Maana nilijua kilichokosekana humo. Nikimuuliza mwanamke mume akiwa karibu, jibu lilikuwa lilelile. "Shikamoo mama. Nyanya msimu huu mmepata kiasi gani?" "Marahaba, mwanangu. Hakuna kitu, ni za mboga tu." Huku nyuma yake naona miche imesimama vizuri, imefungwa kwa maganda ya mgomba. Wenzangu wangezihesabu. Mimi niliandika "za mboga tu." Mkuu wangu aliwahi kuniuliza kama wanawake wa kata yangu ni wavivu, nikamwambia ni ukame.

Mwaka mmoja nilipanda kuwasalimu wazazi. Baba alikuwa amezeeka ghafla, anakaa kibarazani na redio ambayo betri zake zimelegea. Mama aliniambia nimsaidie kukata majani ya ng'ombe. Alinipitisha nyuma ya zizi, tukapenya kwenye ukuta wa masale uliokuwa mnene kuliko nilivyoukumbuka, na huko nyuma, mahali ambapo maji ya kuoshea vyombo hutiririkia, palikuwa na mistari mitano ya nyanya. Udongo ulikuwa mweusi. Majani yalikuwa na vumbi la majivu.

Mazoea ya kazi ni ugonjwa. "Zinatoa debe ngapi?" nilimuuliza, na mkono wangu ukawa tayari umeingia kwenye mkoba.

Mama alinitazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Hizi usiziandike, mwanangu," alisema.

Nilisimama pale na mkono ndani ya mkoba kama mwizi. Nilimuuliza zimekuwepo tangu lini.

"Tangu ule mwaka," alinijibu. "Kwani wewe ulifikiri ile hela ya sabuni niliyokuwa nakupa barabarani ilikuwa inatoka wapi?"

Nilifikiri alikuwa akimwomba baba. Miaka yote ile nilipokuwa nasubiri gari la kwenda shule, alinikamata mkono na kunibandika noti iliyokunjwa, yenye unyevu wa jasho, na mimi nilikuwa nikimwona akilini amesimama mlangoni, mikono tumboni, akiniombea. Nilitaka kumwambia samahani, na masale yalikuwa yamenizunguka pande zote, hata ningeinua mkono tu ningelipata jani. Yeye alikuwa ameshainama, anachuma majani ya ng'ombe.

Mama alifariki miaka michache baadaye, kwa presha, wakati wa kiangazi. Tulimzika upande wa juu, karibu na ule mbuni baba aliouacha. Watu walipoondoka na ndugu zangu wakarudi makazini, mimi nilibaki. Siku ya tatu sikumwona baba kibarazani. Nilimtafuta kwenye migomba, nikamtafuta kaburini, na mwisho nikasikia majani yanakatika nyuma ya zizi. Nilimkuta amepiga magoti kati ya ile mistari mitano. Nyanya zilikuwa zimeiva na nyingine zimeanguka, na yeye alikuwa anazichuma na kuzipanga kwenye kapu la mama, zilizoiva sana upande huu, za rangi ya chungwa upande wa pili.

Yeye ndiye aliyesema, bila kugeuka.

"Nilikuwa nazijua hizi," alisema. "Siku zote. Sikumuuliza."

Alimaliza mstari, akajishika goti akainuka, akanikabidhi kapu. Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Nilishuka nalo Kwa Sadala, nikakaa kwenye mstari wa akina mama, nikapanga mafungu, nikauza mpaka likaisha. Hela niliifunga kwenye pindo la kanga. Sikununua kitu ila chumvi.

Nilipofika nyumbani jua limeinama, baba alikuwa amesimama mlangoni. Alilitazama lile kapu tupu kichwani kwangu, akatazama pindo la kanga, kisha akatazama pembeni. Akaniuliza kama mvua imenyesha huko chini.

Nikamwambia imenyesha kidogo.